Sumaku Isiyozimika

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi mawingu na manyunyu, kisha jua kali la ghafla.

Mwalimu Mkuu ametangaza leo kwamba Ijumaa atakaa nyuma ya darasa langu la saba, aone ninavyofundisha umeme na sumaku. Asiporidhika, Sayansi inakwenda kwa Mwalimu Rula. Huyo anafundisha Hesabu, na hata chai anaikoroga kwa mstari ulionyooka. Alinipa pole pale pale ofisini. Pole, na bado sijafeli! Sayansi ni yangu tangu niajiriwe. Haitoki.

Mpango: sumakuumeme. Msumari mnene, waya ya shaba ya kuuzungushia, betri, swichi. Ukiwasha, msumari unavuta pini. Ukizima, pini zinaanguka. Watoto wanapiga makofi, Mkuu anaandika "vizuri sana".

Jumanne, 5 Machi. Joto tangu alfajiri.

Fundi redio amenipa waya aliyoichomoa kwenye feni mbovu. Shaba nzuri, ila imepakwa uchafu fulani wa kahawia. Niende nayo hivyo mbele ya Mkuu? Nimeikwangua kwa msasa, mwanzo hadi mwisho. Mama mkwe, ambaye hatoki sebuleni kwa ajili ya tamthilia zake, ameuliza kama ualimu nimeacha nimeingia usonara. Waya inang'aa kama pete ya harusi. Nimeizungusha kwenye msumari, imebanana, hapapiti hata unywele.

Jumatano, 6 Machi. Mawingu.

Haivuti! Hata pini moja! Badala yake betri imepata moto, nusura iniunguze vidole. Rula alikuwa anapita (huwa anapita). Kaichukua, kaigeuza, kacheka mpaka katafuta kiti. Akasema, "Dada yangu, umeivua nguo!" Eti ile kahawia ni vanishi, na kazi yake ni kuzuia mizunguko ya waya isigusane. Eti umeme ulitakiwa uzunguke msumari wote, lakini sasa unapita njia ya mkato na kurudi kwenye betri bila kufanya kazi. Nilipaswa kukwangua ncha mbili tu. "Ncha tu, mwalimu, ncha tu!" Akajitolea kuniletea waya nyingine ya nyumbani kwake. Ujanja mtupu. Anayekitaka kipindi changu ndiye anipe waya? Nimekataa kwa adabu zote.

Alhamisi, 7 Machi. Upepo, vumbi mpaka kwenye daftari.

Ufumbuzi! Ndani ya spika mbovu kuna sumaku nene kama kipande cha sabuni. Nimeigandisha kwenye kichwa cha msumari, nikaifunika kwa kitambaa cheusi. Akiuliza mtu, ni kinga ya joto. Pini zinaruka zenyewe. Betri nimeiunga kwa heshima tu. Si udanganyifu. Sumaku ni sumaku.

Ijumaa, 8 Machi. Kulikucha vizuri. Bora kungenyesha.

Nilianza kwa sauti. Nikasogeza msumari kwenye pini ili nieleze kitakachotokea. Zikaruka zote. Binti wa dawati la mbele, mwenye mdomo, akanikumbusha kwamba sijawasha. Nikawasha haraka, nikasema umeme huo ni wa kasi sana. Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia nizime.

Hilo sikulifikiria.

Nilizima. Pini zimening'inia. Nikazima tena. Zimening'inia. Nikaeleza kwamba umeme bado unamalizikia kwenye waya, kama maji kwenye mpira. Tukasubiri. Darasa zima tunazitazama. Kisha yule binti: "Mwalimu, wewe umezima, lakini sumaku nzima!" Kicheko chake kikaambukiza hadi darasa la jirani. Rula, aliyekaribishwa na nani sijui, akaja taratibu, akachomoa betri, akaiinua juu wote waione. Pini ziko pale pale. Mkuu akasogeza funguo zake za ofisi apate kuhakikisha. Zikamtoka mkononi, zikanasa, na kitambaa kikadondoka.

Alizibandua kwanza. Kisha akasema Jumatatu tubadilishane: Rula achukue Sayansi, mimi Hesabu. Rula hakucheka. Amenifuata koridoni, akasema nikae naye kipindi cha kwanza, tutakifanya vizuri pamoja. Huyo mtu hana haya!

Jumamosi, 9 Machi. Asubuhi baridi kidogo, kisha kweupe.

Nimelala nikawaza, nimeamka nimeelewa. Kilichoniangusha ni betri. Kitu dhaifu, mtu yeyote anakichomoa na kukiinua juu. Umeme wa ukutani haubebeki mkononi. Mkuu akiona Hesabu ninavyoifundisha mimi, Sayansi atanirudishia mwenyewe huku anabembeleza. Nimetengeneza ubao wa kuzidisha: mtoto akigusa jibu sahihi, kibalbu cha tochi kinawaka. Vibalbu vyote nimeviunga kwa mpangilio safi, kwa rula. Magharibi nimeuchomeka kwenye soketi ya chumbani, nijaribu saba mara nane.

Mlio mmoja. Harufu.

Mama mkwe amepiga yowe kutoka sebuleni kwamba tamthilia imekatika mume akiwa katikati ya kukiri. Nimemwambia umeme umekatika mtaa mzima. Amefungua dirisha. Taa za majirani zote zinawaka.

Nakwenda kulala, na ni saa moja na nusu tu ya jioni.