Mpira wa Tingatinga na Meno ya Bosi Mdogo

Jumatatu, 4 Machi

Sijalala. Mwanangu, Bosi Mdogo, anaota meno ya juu, na mtoto huyu hana choyo: maumivu yake ni ya nyumba nzima. Nimeshinda kazini na blauzi nyuma mbele. Hakuna aliyeniambia. Ndio wenzangu hao.

Habari kubwa: tingatinga limelala. Silinda inayoinua jembe la mbele inavuja mafuta. Fundi kachomoa mpira wa duara, mwenyewe huuita sili, umeliwa upande mmoja. Kitabu cha vipuri kilishapotea, na namba ya mpira imefutika. Muuzaji, ambaye huuza mipira ya kila kitu chini ya jua, kasema kwa simu tumpelekee huo mpira wenyewe kama sampuli, pamoja na ombi.

Msimamizi katangaza kuwa kati yetu makarani, atakayeliamsha tingatinga atapewa chumba cha bohari. Chumba chenye mlango! Mlango unaofungwa! Ningelaza kichwa mezani saa ya mapumziko, nani angejua? Karani wa mafuta, ninayemwita Kalamu Nne kwa sababu ya mfuko wa shati lake, akaanza kukohoa aonekane. Nikalidaka ombi kabla hajamaliza kukohoa.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wangu: watu hupeleka sampuli chafu, nami nitapeleka safi. Msafi husikilizwa. Nimeubeba mpira nyumbani, nimeusugua kwa sabuni, nimeuchemsha, nimeuanika dirishani. Unang'aa!

Kalamu Nne alikuwa amenishauri niupime kwanza kwa kile kipimo chake cha chuma, niandike upana na unene kwenye ombi. Nikamwambia ahsante kaka, sampuli itajisemea. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Nimerudi kutoka kazini nikamkuta Bosi Mdogo anautafuna mpira. Mama mkwe, anayekaa naye mchana, aliuona dirishani akadhani nimemnunulia mjukuu kitu cha kukunia fizi. Akanisifu! Mara ya kwanza tangu niolewe.

Nimeunyang'anya. Kilio hadi kwa jirani. Nikaurudisha. Kimya. Nikakumbuka mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nikaunyang'anya tena kwa uso wa simba. Kilio. Basi, atalelewa kesho. Nimeurudisha. Kalala. Nami hapa macho yanafu

Alhamisi, 7 Machi

Nimelala hadi jogoo! Dunia ina rangi, kumbe.

Na akili ikafunguka. Mpira ni mpira. Mfuniko wa sufuria ya presha ya mama mkwe una mpira wa duara, mweusi, unaolingana kabisa na ule ukifumba jicho moja. Nimeuchomoa. Ule wa kwanza niliutoa mafuta, huu nimeupaka, ufanane na mtu wa kazini. Nimeufunga pamoja na ombi, nimempa dereva wa lori. Msimamizi kasifu wepesi wangu mbele ya Kalamu Nne. Tamu!

Jioni nimepima dirisha la bohari kwa ajili ya pazia. Kipimo nimeazima kwa Kalamu Nne.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe analalamika sufuria inahema kama mzee kwenye ngazi na maharage ni changarawe. Nimesema vyombo vya siku hizi havina maisha. Nimekaanga mayai.

Jumanne, 12 Machi

Boksi limefika. Tumelizunguka wote. Fundi kafungua: mipira myororo kumi na miwili, na kwenye pakiti picha ya mwanamke anayetabasamu na sufuria. Muuzaji kaandika pembeni kuwa hakujua sisi pia tunapika.

Nilikuwa katikati ya kueleza kosa la muuzaji pale mama mkwe alipoingia getini, mfuniko usio na mpira mkononi, Bosi Mdogo mgongoni akitafuna kwa bidii.

Fundi akainama. "Mama, hiyo si sili ya tingatinga letu?"

"Hii ni ya mjukuu wangu," mama mkwe akajibu. "Nimekuja kuulizia ya kwangu."

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichoniuma. Kalamu Nne akatoa kipimo akaupima mpira hapo hapo, upana na unene, huku mtoto akimng'ata kidole. Hakulia, mtoto wala karani.

Ijumaa, 15 Machi

Mpira wa vipimo vya Kalamu Nne umefika, tingatinga linanguruma. Kalamu Nne kapewa bohari, na wala hajisumbui kuufunga mlango! Anataka aonekane amekaa. Dhambi iliyoje.

Mama mkwe ana mipira ya kutosha hadi vitukuu. Amenuna, ila maharage yameiva na sahani yangu ilijaa.

Msimamizi kanipa nafasi ya mwisho. Mkanda wa feni ya greda umechoka. Kasema polepole, kama anayeongea na ng'ombe: pima, andika, peleka ombi, na usitoke na mkanda getini.

Nimeelewa. Kosa langu lilikuwa kuchukua kitu kinachoingia mdomoni. Mkanda ni mpana, Bosi Mdogo hauwezi. Nimeupitisha getini chini ya kanga. Kamba ya kuanikia ya mama mkwe imekatika leo, na mkanda ukivutwa kati ya misumari miwili unakaa vizuri mno.

Ni hadi nepi zikauke tu.