Rada Yangu ya Kipindupindu

Jumatatu, 8 Januari

Mchunguliaji wangu! Unafungua daftari la mtu bila hodi. Haya, kaa.

Kipindupindu kimeingia Korogwe. Huku Manundu hatushikani mikono, tunapungiana kama watu wa stendi. Mustafa, mhudumu wa afya wa mtaa, anapita nyumba kwa nyumba. Mwenye mgonjwa anaacha namba ya simu, apate kufuatiliwa. Namba tu! Jina haandiki. Eti siri ya mgonjwa. Na kapewa kizibao kinachong'aa. Mimi fundi simu, niliyejifundisha mwenyewe, nimebaki na fulana ya soda. Haki iko wapi?

Leo kaacha daftari lake mezani kwangu, kaenda kuswali adhuhuri. Nikapiga picha kurasa mbili. Sijaiba. Daftari si lipo?

Jumanne, 9 Januari

Namba bila jina? Kazi ndogo! Unajifanya unaitumia hela, jina la mwenye laini linatokea, unafuta. Namba kumi na moja, majina kumi na moja. Nikafungua grupu la WhatsApp: Rada ya Kipindupindu. Mpaka jioni watu mia mbili! Wilayani lazima wanisikie. Kizibao hicho nakiona.

Jumatano, 10 Januari

Noma. Jina la nne lilikuwa Evodia Kasmiri, mama ntilie, jirani wa kibanda changu. Saa nane mchana wali umejaa sufuria, benchi tupu. Hata mimi nilipita upande wa pili.

Akaja kibandani na mwiko. Akauliza mbele za watu: "Elisha, mimi nimeharisha lini? Ulikuwa unanishikia kopo?" Watu hoi.

Halafu akaninong'oneza. Laini hiyo anaitumia kaka yake, Ponsiano, wa mtaa wa nyuma. Hana kitambulisho cha taifa, dada akamsajilia kwa kidole chake. Nikasema basi nisahihishe kwenye grupu, niweke Ponsiano. Akaninyooshea mwiko. Yaani anakosa wateja na bado anamfichia kaka yake!

Akasema kesho hapiki, na sufuria hiyo ndiyo inayosomesha wanawe. Akaondoka anafuta macho kwa khanga. Sehemu hiyo sikuipenda.

Alhamisi, 11 Januari

Mustafa kaja na bwana afya na pampu ya dawa. Kisa? Tangu rada yangu, hakuna anayetoa namba yake. Wote wanatoa ile iliyoandikwa kwenye mlango wa kibanda. Yangu! Kwenye daftari la Mustafa naharisha nyumba tisa.

Wakanipulizia kibanda kizima. Simu tatu za wateja zimekufa kwa klorini. Mustafa akacheka mpaka kizibao kikatikisika. Kisha akasema Bibi Mwatumu wa mtaani kwetu alijificha ndani siku mbili kwa kuogopa grupu langu, wakamkuta hawezi hata kukaa. Sasa yuko kwenye dripu, atapona. Akaniambia nifute grupu, na kesho nikale kwa Mama Evodia, adhuhuri, watu wakiona.

Nikafuta. Vidole vilikuwa vizito.

Ijumaa, 12 Januari

Nimemwangukia, kakubali kupika. Nimekula sahani tatu. Nimetangaza kwa spika ya bluetooth kwamba Mama Evodia mzima, mimi ndiye mjinga. Watu wakasimama mbali, wanasubiri nianguke. Sikuanguka. Mzee Isihaka akavuta benchi, akasema kama huyu hafi, basi huo wali ni dawa. Wakamfuata. Saa tisa sufuria ikakwanguliwa.

Shikamoo yangu lakini Mama Evodia hajaiitikia.

Jumamosi, 13 Januari

Dada Chausiku kapiga kutoka Kwaluguru, Handeni. Kipindupindu kimefika na huko. Nikampa pole. Akasema mhudumu wao anaandika majina kamili, na mtaa, na picha. Na simu anayoandikia mhudumu huyo imepasuka kioo, anatafuta fundi!

Unaona? Kosa langu lilikuwa moja tu: kutegemea namba. Kwa majina kamili, nani atasingiziwa?

Begi nimeshafunga. Sasa wewe, ungekuwa mimi, ungefanyaje: basi la saa nne, au ungesubiri la saa sita?