Ubeti wa Pili ni Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Miezi mitano hujakanyaga hapa. Mitano. Najua wewe ndiye unayesoma daftari langu kila ukija, maana unalirudisha chini ya godoro kichwa chini. Basi soma, mjukuu wangu. Sikuwahi kukalia dawati, herufi nilijifunza kwenye maboksi ya sabuni kiwandani, kwa hiyo usinisahihishe.

Kwanza, televisheni uliyoniletea nimempa fundi redio. Usinune. Ilisema mchana kutwa na haikuwahi kuniuliza hali. Yeye kanipa amplifaya ya zamani, mashine ya kukuza sauti, ile ya taa. Sanduku la chuma, juu yake taa nne za kioo zimesimama kama chupa za dawa. Mtumba, ila nzima. Imekwaruzwa pembeni. Na mimi pia.

Sababu unaijua. Ile santuri ya kwaya yetu ya kiwandani. Kwenye ubeti wa pili kuna sauti moja inapanda peke yake. Hiyo ni yangu. Wifi yangu, dada wa marehemu babu yako, miaka arobaini anasema ni yake. Siku ya kurekodi tuliimba mara nyingi, mara napanda mimi, mara yeye, na wale watu wa kurekodi wakachagua moja wakaenda nayo bila kusema ipi. Redio za plastiki zinatusaga wote kama unga, hujui nani ni nani. Jumamosi wanakwaya tuliobaki hai, watano, tunakutana hapa kwangu. Mashine itasema. Sitaki kuzikwa huku watu wanamsifu mwingine kwa koo langu.

Jumanne, 5 Machi

Inanguruma. Fundi kaiunga na gramafoni na spika mbili, tukawasha, tukangoja taa zipate moto, maana hii haikurupuki. Kisha mmmmm. Kama ng'ombe aliyevimbiwa. Fundi kasema waya wa kwenda ardhini umelegea, tena nimeiweka karibu na friji. Nikamwuliza friji imejiunga lini na kwaya. Kasema, bibi, kila chenye mota kinaiingilia.

Nimezima friji. Maziwa yamechacha. Waya kaukaza. Mngurumo umekwisha, na mimi nimebaki nikinguruma.

Jumatano, 6 Machi

Leo mtu asinisemeshe.

Fundi alisema amplifaya ya taa haifunikwi, iachwe ipumue. Ipumue ina mapafu? Nyumbani kwangu kitu hakikai uchi sebuleni. Kiti kina kitambaa, meza ina kitambaa, jagi lina kitambaa. Nikaivika kile cheupe nilichofuma kwa mkono wangu, cha maua pembeni. Robo saa haikupita, harufu. Kitambaa kimeungua katikati, nyuzi zimenata kwenye kioo. Nikakivuta kwa hasira. Taa mbili zikaja nacho. Sakafuni, pwaa.

Fundi kaja, kajikuna kichwa. Kasema zile mbili kubwa ni pacha, lazima zilingane. Ukiweka moja kali na moja dhaifu, sauti inapinda. Nikamwambia kama ndoa yako. Hakucheka. Kasema pacha kama zile amewahi kuziona sehemu moja tu: ndani ya redio kubwa ya mbao ya wifi.

Ya wifi. Katika dunia nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa wifi kumjulia hali. Kashtuka, kauliza nani kafa. Nikamwambia redio yako ina vumbi hadi aibu, leta kitambaa niifute, na chai ukipenda. Alipoingia jikoni nikafungua mgongo wa redio, nikang'oa taa mbili, nikazitia kifuani.

Karudi na chai, kauliza mbona nimekaa wima kama nguzo ya umeme. Nikasema mgongo. Mtu mwenyewe mbishi kwa kila kitu, leo kaamini. Kaleta dawa ya kuchua, kataka nivue blauzi. Nimetoka mbio na huo mgongo mbovu.

Amekonda, yule mwanamke. Kesho nampelekea uji. Nitauacha mlangoni, sitaki maneno naye.

Jumamosi, 9 Machi

Wamekuja wote. Mchana, jua kali, viti vimepangwa mbele ya spika. Taa za wifi zimewaka rangi ya kaa la moto. Hata mngurumo hakuna. Fundi kashusha sindano.

Wallahi nimesikia viatu vya mtu vikikwaruza sakafu ya miaka arobaini iliyopita. Nimesikia marehemu mwimbishaji akivuta pumzi. Humo ndani ya santuri kila mtu kasimama mahali pake. Ubeti wa pili ukafika. Sauti ikapanda, na lilipofika neno "subira", ile herufi ya kwanza ikatoka na kifilimbi.

Mimi meno yangu yamebanana kama punje za mahindi. Mwenye mwanya kwenye kwaya ile alikuwa mmoja, wifi.

Na chini yake kuna mtu kaingia kabla ya zamu, anataka kupanda naye, kisha kama kafinywa, kanyamaza. Huyo ni mimi. Alinifinya yeye, sasa nakumbuka.

Wifi kaweka kikombe chini, kasema mbele ya wote kwamba alikosea miaka yote hii, sauti ile ni ya wifi yake, yaani mimi. Wakanipigia makofi. Aliponikumbatia kaninong'oneza sikioni, taa zangu zinaimba vizuri, wifi.

Jumapili, 10 Machi

Sijala. Miaka arobaini ananinyima, na siku ninaposhindwa ndipo ananigawia, kama uji wa mgonjwa. Mimi naombwa radhi na mshindi? Hayo ni matusi.

Asubuhi nimemwendea. Nimemwambia ile sauti ni yako, ichukue. Kakataa. Nikamwambia mwanya wako unapiga filimbi. Kasema hata wewe enzi zile ulikuwa na mwanya. Mimi, mwanya! Kasema masikio yangu yamezeeka, niridhike. Tumepigana maneno hadi jirani kaja kuamua, naye tukamfukuza sote wawili.

Nitamthibitishia ni yake, hata akatae hadi kaburini. Fundi anasema kuna amplifaya ya taa nane, unasikia mpaka mate kwenye ulimi wa mwimbaji. Nimeshamwahidi kabati la vyombo.

Wewe ukija, usiniletee biskuti. Oga, safisha masikio, kaa katikati ya spika mbili. Nikikuuliza nani anaimba, mtaje wifi. Ukinitaja mimi kwa kunihurumia, hulali hapa.