Msiba wa Torazo Nyuma ya Duka la Simenti

Habari yenyewe aliisoma Itifaki, na laiti angejua itakavyonitesa angeimeza pamoja na kahawa yake.

"Sikilizeni hii," alisema, simu kaishika mbali na uso maana miwani aliisahau kwenye gari la bosi. "Mashabiki katika nchi nyingi wana majonzi baada ya shujaa wa katuni ya Kijapani, Torazo Mbeba Kisima, kufariki katika sehemu ya mwisho iliyoonyeshwa juzi."

Kikombe kikanitoka mkononi.

Kijiwe chetu kiko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa Dodoma mjini, mahali ambapo upepo wa mwezi wa saba hutukusanyia vumbi la Chamwino yote na kutuletea bila kuagizwa. Benchi letu ni ubao uliowekwa juu ya ndoo za rangi. Kahawa na kashata anauza Abbasi. Itifaki jina lake ni Fredy, dereva wa wizarani, na kwa vile humwendesha mkubwa basi naye huongea kama mkubwa. Mwenye duka ni Chandrakant, tunamwita Simenti, kwanza kwa sababu anaiuza, pili kwa sababu anadai moyo wake ukishaganda haulainiki tena. Mimi ni Hashimu, fundi makochi, mwanamume wa zaidi ya miaka arobaini mwenye mvi kidevuni, na pale kijiweni naitwa Episodi. Jina hilo sikulichagua, ila nimelifanyia kazi.

"Kafa?" nikauliza.

"Imeandikwa hapa."

"Kafaje?"

"Hawajasema. Wamesema watu wanalia."

Nami nikawaunga mkono. Nilijaribu kujifanya vumbi limeniingia machoni, lakini vumbi halimfanyi mtu atikisike mabega.

"Oya, Episodi," akasema Simenti. "Unalia kweli?"

"Silii."

"Hayo yanayotiririka ni nini, supu?"

"Mwacheni," akasema Abbasi huku akiokota kikombe. "Aliacha katuni tangu mkewe aondoke. Alijizuia kama mtu aliyefunga, sasa futari yake ndiyo hii."

"Afadhali wewe umeyasema hayo," akadakia Simenti. "Mtu mzima anamlilia mchoro. Mchoro haufi, Episodi. Mchoro unafutwa. Ukitaka nikupe penseli umrudishe."

"Wewe si ulilia hapa hapa dukani," akasema Itifaki, "kwa ile sinema ya kwenu, yule mama kipofu anayemtafuta mwanawe kwenye mvua?"

"Yule ni mtu. Ana mwili."

"Ana mwili na analipwa. Akishakufa kwenye sinema anakwenda kula chakula cha mchana. Kwa mujibu wa utaratibu, wewe umemlilia mtu aliyeko kazini."

"Na Torazo je?"

"Torazo hakulipwa hata siku moja," nikasema mimi. "Kabeba kisima mgongoni tangu mtoto. Kijiji chake kilikauka, wazee wakamng'olea kisima, wakamtwisha, wakamwambia nenda katafute watu wenye kiu. Akawa anapita majangwani, akikuta watu anapiga magoti, wanachota, anainuka. Yeye mwenyewe haruhusiwi kunywa."

Kwa watu wa Dodoma, habari ya mtu mwenye maji haichukuliwi kwa mzaha.

"Haruhusiwi hata funda?" akauliza Simenti.

"Hata funda."

"Hapo wamemwonea."

"Sasa huyo Torazo," akasema Abbasi, akininyooshea kidole chenye majivu, "ndiye aliyemvunjia huyu ndoa. Niwakumbushe, au tumsitiri?"

"Tukumbushe," wakajibu wote wawili, kana kwamba walikuwa wamesahau.

"Mkewe, Rukia, alikuwa na wageni kutoka Kondoa. Maji yetu ya mgao, mnayajua, yanakuja alfajiri kama mwizi na yanaondoka kama mwizi. Akamwambia mumewe, leo kaa na bomba, jaza mapipa. Bwana akakaa na bomba, sikatai. Kaweka kigoda, kaweka spika za masikioni, anamwangalia Torazo akinywesha watu jangwani. Mpira ukachomoka kwenye pipa. Maji yakashuka mpaka kwa jirani, yakamwagilia mchicha. Rukia anaamka, mapipa makavu, mume analia kwa ajili ya watu wenye kiu."

"Mchicha ulistawi," nikasema. "Hilo nalo lisemwe."

"Wageni wakatawadha kwa maji ya chupa ya dukani. Jioni yake Rukia akapanda basi pamoja nao."

Wakacheka mpaka Simenti akashika ukuta. Ningecheka nami kama si kwamba leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Baba mkubwa wa Rukia, Mzee Abdulwahab, alikuwa amekuja mjini kuuza alizeti, na alituma ujumbe kwamba nyumbani kwangu hatakwenda. Atakuja kijiweni. Kwao wanasema mwanamume nyumbani hujificha, ila barazani kwa wenzake hujulikana. Angeuliza watu ninaoshinda nao: huyu amekua, au bado? Wakisema amekua, Rukia anarudi. Wakisema bado, anatumwa mtu kuja kuchukua vyombo vyake. Nilikuwa nimeshanyoa, nimevaa kanzu, nimeshawapanga wenzangu cha kusema. Nyumba bila Rukia imekuwa ghala la makochi. Nakalia moja, nayatazama mengine, wala hakuna wa kuniambia nimelishona vibaya. Nilimtaka mke wangu, hilo sikuwa na haya nalo.

"Jifute basi," akasema Itifaki. "Mzee akikukuta hivi atauliza nini kimekuliza, na sisi tutajibu nini?"

"Nipeni dakika moja tu."

"Huna hiyo dakika," akasema Abbasi kwa sauti ya chini. "Yule pale."

Mzee Abdulwahab alikuwa anakuja taratibu pembeni ya duka, kofia ya kiua, koti juu ya kanzu, fimbo mkononi. Tukasimama wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Marahaba wanangu."

"Shikamoo baba," nikasema, na sauti ikapasuka katikati kama ya kijana anayebalehe.

Akanitazama. Akaona macho mekundu, pua mbichi, kikombe kilichomwagika na watu watatu waliosimama wameshika mikono yao kwa adabu. Hapo ndipo desturi ilipotuponza. Kwetu mtu akikuta majonzi haanzi kuuliza. Anaketi kwanza. Mzee akavua viatu ingawa hapakuwa na mkeka, akaketi karibu nami, akaweka mkono wake mzito juu ya goti langu.

"Poleni sana," akasema.

"Tumeshapoa," akajibu Abbasi, kwa mazoea tu. Jibu lilimtoka kabla hajafikiri, na baada ya hapo haikuwezekana tena kurudi nyuma.

"Ni wa karibu?"

Nikafungua mdomo, nikalia upya. Itifaki akaona anisaidie. "Amekuwa naye miaka mingi, mzee. Hakuna usiku aliolala bila kumwona."

"Lahaula. Mtu wa wapi?"

"Mbali sana, mzee. Ng'ambo."

"Kazi yake?"

Wakatazamana. Simenti, mwenye moyo ulioganda, ndiye aliyejibu, tena kwa kuinamisha kichwa. "Alikuwa ananywesha watu maji. Bure. Anatembea kwa miguu, anawafuata waliko."

"Bure?"

"Hakuchukua hata senti, mzee. Na yeye mwenyewe alikuwa hanywi."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Watu kama hao hawaishi siku nyingi," akasema. "Ameacha watoto?"

"Ameacha kisima," akasema Simenti.

"Kisima ndiye mtoto asiyekufa. Jina lake nani?"

"Torazo," nikasema mimi.

Akalirudia jina lile kwa heshima, kisha akainua viganja. Mimi nikaona dunia inaniishia. Kumdanganya mkwe ni jambo moja, kumwacha mzee wa watu amwombee dua katuni ni jingine. Abbasi naye akaliona, akawahi kuushika mkono wa mzee. "Mzee, samahani, hakuwa wa dini yetu."

"Basi tuwaombee wale aliowaacha na kiu," akasema mzee, na tukainua mikono sote, hata Fredy, Mkristo wa Mvumi, hata Chandrakant. Niliitikia amina kwa moyo wangu wote. Watu wenye kiu wapo, hilo halikuwa uongo.

Baada ya hapo mzee akajipangusa uso. "Hashimu. Mimi nilikuja na maneno makali. Njia nzima kutoka Kondoa nimeyapanga. Niliambiwa wewe ni mtoto, unacheza na picha. Lakini mtoto hamlilii rafiki namna hii. Anayejua thamani ya mtu mwema, hawezi kumtupa mke." Akatoa simu yake ya vitufe mfukoni. "Ngoja nimpigie sasa hivi, ajiandae."

"Baba, labda kesho," nikasema.

"Jambo la heri haliwekwi."

Simu yake haina siri. Spika yake imekufa upande wa ndani, kwa hiyo kila anayeongea naye husikika na kijiwe kizima. Ikaita. Rukia akapokea, na niliposikia "Shikamoo baba mkubwa," nikasogeza sikio karibu, maana sauti ile nilikuwa sijaisikia kwa majuma.

"Marahaba mwanangu. Niko na mumeo hapa. Fungasha vitu vyako urudi. Mumeo kafiwa."

"Kafiwa? Na nani? Mama mkwe?"

"Hapana, hapana. Rafiki yake wa ng'ambo. Yule bwana wa kisima, Torazo."

Abbasi akafunika uso kwa kitambaa cha kufutia vikombe. Itifaki akatazama gari la bosi, akitamani kuitwa.

"Baba mkubwa," Rukia akasema polepole. "Torazo kafa?"

"Kafa, mwanangu. Habari imefika leo."

"Nani kakwambia?"

"Wako hapa wote, wanaomboleza."

"Mimi nilikuwa sijafika huko," akasema Rukia. "Nilimwacha jana usiku anavuka bonde la chumvi. Nilikuwa nangoja mtandao utulie nimalizie. Baba mkubwa, mmenimalizia."

Mzee akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Rukia. Huyu marehemu unamjua?"

"Ni katuni, baba mkubwa."

Mzee akatugeukia mmoja baada ya mwingine, na kila aliyefikiwa aliona kitu cha kuvutia sana chini. Mimi nilingoja fimbo.

"Hashimu yupo karibu?" akauliza Rukia.

"Nipo," nikasema.

"Nilianza kumwangalia ili nimjue aliyekufanya usisikie maji. Nilidhani nitakuta wanawake wasiovaa vizuri, nipate la kusema. Nikamkuta mtu kapiga magoti jangwani ili watu wachote. Nikalia. Nikasema, kumbe mume wangu anajua mwanamume mwema yukoje. Sura yake anaijua, mwendo wake anaujua. Ila yeye anamwangalia tu."

Simenti alikohoa, akajifanya anatafuta kashata. Niliona haya kuliko nilivyoona nilipokuwa nalia, na nikatamani vumbi lote la Chamwino lije linifunike pale pale.

"Nakuja na basi la asubuhi," Rukia akaendelea. "Mwisho wake tutauangalia wote, maana siwezi kuuangalia peke yangu kwa baba mkubwa, watanisema. Ukitangulia hata kipande kimoja, narudi Kondoa mazima. Na kesho alfajiri maji yanatoka, jirani kaniambia."

"Nitajaza mapipa."

"Mapipa yote."

"Yote."

Simu ikakatika. Mzee Abdulwahab akaiweka mfukoni, akavaa viatu vyake, akasimama kwa fimbo. Tulisimama naye, tukiwa tayari kwa lolote. Alitutazama kwa muda, na mimi nikaona kidevu chake kinacheza, sikujua kama ni hasira au ni nini.

"Nimeombea watu wenye kiu," akasema. "Hiyo dua siirudishi." Kisha akamgeukia Simenti. "Ila wewe uliyesema ameacha kisima. Kimebaki kwa nani?"

"Sijui, mzee. Hatujaangalia."

"Mkishaangalia, mnipigie."

Akaondoka. Itifaki akakimbilia garini bila kuaga, Abbasi akakusanya vikombe huku akicheka peke yake, na Simenti akaniuliza kwa kunong'ona kama hiyo katuni inapatikana kwenye simu ya kawaida.

Mimi niliondoka kijiweni mapema kuliko siku zote. Alfajiri nilikaa na bomba bila kitu masikioni, nimeushika mpira kwa mikono miwili, mapipa yakajaa mpaka mdomoni, mchicha wa jirani haukupata hata tone. Saa za mchana nikaenda stendi, kanzu ile ile, nikasimama nikilingoja basi la Kondoa kwa furaha isiyo kifani, mume mzima ninayempokea mke wangu anayerudi nyumbani kwa ajili ya mwanamume mwingine, tena marehemu.