Makosa Mia Nne na Kumi na Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeona kwa macho yangu, na heri nisingeona.

Asubuhi nilikwenda kupiga deki chumba cha kompyuta, kile chenye mashine kubwa inayotunza mafaili ya wagonjwa wa hospitali nzima. Humo ndimo anamofanya kazi binti yangu. Yuko kwenye majaribio, na Ijumaa hii mkuu wa ofisi anaamua: abaki au aende. Nikainua macho ubaoni. Mwandiko wa mwanangu mwenyewe. Nikausoma taratibu, maana shule niliishia darasa la nne. "Kumbukumbu. Kadi ya tatu. Makosa: Ijumaa 38, Jumatatu 412. Ibadilishwe kabla ya Ijumaa."

Nilikalia ndoo.

Makosa mia nne na kumi na mbili, siku moja! Mimi katika miaka yangu yote ya ndoa sijafikisha, na mume wangu alikuwa anahesabu. Tena kadi ya tatu. Kwenye mpira kadi ya kwanza ni onyo, ya pili unatoka uwanjani. Ya tatu sijui wanakupeleka wapi. Na wamemwandikisha "ibadilishwe", wala si "abadilishwe", kama mtoto wa watu ni kiti.

Mpika chai akapita na sinia. Tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Akaniuliza mbona nimekaa kama nimefiwa. Ana mpwa wake anayeinyemelea nafasi ya binti yangu. Nikamwambia kiuno.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemchunguza binti kwa ujanja. Nilimuuliza tu, hivi mashine inajuaje kama kuna kosa? Akafurahi, masikini, hakujua mama yake ana ajenda. Akapanga vijiko vinane mezani, vingine chali, vingine kifudifudi. Akasema vilivyo chali lazima viwe shufwa. Shufwa ni neno la shule. Mimi nasema kila kimoja kiwe na mwenzake. Kisha akaweka cha tisa pembeni, akakiita shahidi. Hesabu ikiwa haijatimia jozi, shahidi analala chali aitimize. Nikageuza kijiko kimoja, yeye kafumba macho. Akafumbua, akahesabu: kimoja hakina mwenzake. Akajua nimechezea. Nilishtuka kama nimefumaniwa.

Nikauliza, je, nikigeuza viwili? Akacheka, akasema, "Hapo mama umemweza shahidi, hesabu inarudi jozi." Akaendelea kusema mashine yao ina mashahidi wengi zaidi, sijui kosa likiwa moja inafanya hivi, yakiwa mawili inafanya vile. Sikumsikia vizuri. Akili yangu ilikuwa imeshaondoka zake.

Kosa moja linaonekana. Mawili yanafichana. Kumbe hata kompyuta ni binadamu tu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Binti ametumwa dukani kwa wauza kompyuta tangu asubuhi. Chumba kitupu. Ubaoni ameongeza: Jumanne 960. Nusura nizimie na dekio mkononi.

Nikatia kidole. Kwenye 412 nikafuta 4, ikabaki 12. Kosa la kwanza hilo. Kwenye 960 nikafuta 9 na 0, ikabaki 6. La pili. Kila kosa na mwenzake, shahidi kimya. Sasa ubao unasema 38, 12, 6. Mtoto anajirekebisha kila siku. Niliuangalia ule ubao nikaona fahari ya uzazi.

Saa nne mkuu akachungulia, akasoma, akatabasamu. Akapiga simu dukani, akamwambia binti mashine imepona, kadi ya nini tena, aende nyumbani akapumzike. Nikajua kadi yake imefutwa.

Jioni binti hakula. Anasema kumbukumbu ya mashine ikianza kuugua haiponi yenyewe. Nikamwambia mwanangu, Mungu ni mkubwa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Saa tatu mashine imegoma. Nilikuwa kwenye korido nikasikia inapiga kelele, kisha kimya. Madirishani wagonjwa wamejaa, makarani wanakimbilia stoo kutafuta mafaili ya karatasi, vumbi kila mahali na mimi nimetoka kufagia.

Mkuu akamwita binti mbele ya ubao, nami nikafuata. Akasema, wewe mwenyewe umeandika makosa yanapungua. Binti aliukodolea macho kama haujui. Akachapisha orodha ambayo mashine inajiandikia yenyewe: 412, 960, asubuhi hii zaidi ya elfu mbili. Akaeleza kwamba kadi ya tatu ya kumbukumbu inakufa. Kosa moja moja mashine ilikuwa inalirekebisha. Leo yametokea mawili kwa pamoja, ikasimama. Afadhali inyamaze kuliko impe mgonjwa damu isiyo yake.

Kadi ni ya mashine. Makosa ni ya mashine.

Mkuu akasema basi binti ameandika uongo ubaoni, na mtu wa hivyo hamtaki hapa. Redio, aliyekuwa mlangoni na sinia, akatia neno, mpwa wake yuko tayari hata leo.

Nikasema ni mimi. Nikaeleza vijiko, kadi, yote. Mkuu akaomba maji. Binti akanishika bega, akasema, "Mama, yale makosa ndiyo yaliyokuwa yananitetea."

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kadi mpya imewekwa. Makosa sifuri. Mkuu amewaambia wote kuwa binti aliuona ugonjwa kabla, na anabaki. Nimelia mpaka kitambaa kimelowa. Mimi nimepewa barua ya onyo: nisiguse ubao wowote. Haki yao. Nimejifunza.

Mchana nilipangusa meza ya mkuu. Barua ya ajira ya binti ilikuwa pale, inasubiri sahihi. Nikaisoma taratibu. "Atafanya kazi chini ya mkuu wa ofisi."

Chini! Mtoto aliyeokoa hospitali nzima. Nimerudia mara tatu, ni chini kweli. Mpiga chapa amepitiwa.

Barua si ubao. Wino mweupe ulikuwepo. Nimefuta "chini", nimeandika "juu", herufi nzuri za kusimama. Mkuu akaingia na haraka zake, akasaini bila kusoma.

Kuanzia Jumatatu binti yangu yuko juu ya mkuu wa ofisi, na sahihi ni ya mkuu mwenyewe.