Visiki vya Mustari Wangu

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tatu 1956
Leo zamu yangu ya kukata karatusi katika shamba la miti la wajane. Kila mujane ana mustari wake. Ukikata vizuri, kisiki kinachipuka, baada ya miaka sita unakata tena. Ndiyo kuni zetu mpaka kufa. Paulin, moniteri, yaani mwalimu wa miti, mutoto wa juzi, alinifundisha shoka: niache kisiki urefu wa kiganja, nisiguse mizizi. Nikamwambia nilipasua kuni kabla mama yake hajaolewa.
Jirani yangu Donatille alikata alivyoambiwa. Polepole, kama anamunyoa askofu.

Jumatano, tarehe 7
Nimepata akili. Kisiki nacho ni muti! Donatille anaacha makala, makaa mazuri ya kupikia, ardhini, mujinga. Nimengʼoa visiki vyangu vyote kumi na viwili, na mizizi. Mugongo hauniitikii. Nimeviwasha moto, nimevifunika udongo, vinaungua taratibu. Donatille alipita akauliza, Mama Mukabalisa, unazika nani? Nikajibu nazika uvivu wako.

Ijumaa, tarehe 9
Magunia mawili ya makala. Nimeyapitisha mbele ya mulango wa Donatille mara mbili, wala si njia yangu.
Kisha mvua, tangu saa sita mpaka jioni.

Jumamosi, tarehe 10
Nimeenda kuangalia mustari. Hakuna mustari. Udongo wetu ni kidogo tu juu ya mawe ya volkano, mizizi ndiyo iliyoushika. Mvua imeubeba wote hadi kwenye visiki vya Donatille. Kwangu jiwe tupu, jeusi. Paulin alisema kwa sauti ndogo, mama, hapa hapataota kitu tena. Heri angenitukana. Nilijifanya nafunga kitambaa. Sasa nitaomba kuni kwa watu, mimi?

Jumapili, tarehe 11
Baada ya misa wajane walikaa kikao. Sikuinua macho. Donatille mwenyewe akaomba nipewe pembe ya mustari wake, nafasi ya miche sita, maana udongo ule ulikuwa wangu. Hakucheka. Hapo ndipo aibu iliponichoma. Paulin akanionyesha: hatua mbili kati ya muche na muche. Nikasema ndiyo, mwanangu, ndiyo.

Jumatatu, tarehe 12
Aibu bado ninayo. Lakini nimepima ile pembe. Kati ya miche kunabaki udongo mwingi, umekaa bure. Nimemwomba Paulin miche mingine thelathini, nikasema ni ya kanisa. Yote imeingia. Nani aliona muti ukihitaji nafasi ya kunyoosha miguu?