Chombo cha Mirihi Kwenye Duka la Samaki

Vijay, mzaliwa wa Kisumu mwenye duka la samaki pale Woolwich, alisafiri miezi miwili kwenda kumwoza binti yake, na kwa bahati mbaya funguo akamwachia Ambrose, mpangaji wake wa chumba cha juu. Mtu mwaminifu angeona chumba cha baridi kilichozimwa. Ambrose, aliyewahi kufanya kazi zote isipokuwa za kutoka jasho, aliona chombo cha anga.

Kwani kilipungukiwa nini? Kuta za bati linalong'aa, mlango mnene, feni ya hewa juu. Alishinda maktaba siku mbili, na Jumapili akasimama nje ya kanisa la Wakongo, amevaa ovaroli nyeupe ya mpaka rangi. Hapo akawanasa Thérèse, msafisha ofisi, na mumewe Norbert, mtunza wazee.

"Kampuni inatafuta wanandoa wa kwenda Mirihi," aliwaambia. "Mshahara ni wa kutisha. Ila kwanza mfanye safari ya majaribio, hapa hapa chini. Pauni mia nane kwa wawili. Atakayeshuka kabla ya kufika, hela hairudi."

Alijua harufu ya samaki peke yake ingewatoa siku ya tatu.

"Na miale ya jua?" aliuliza Thérèse. "Nasikia inachoma mutu mupaka mifupa."

"Maji, mama! Maji yanazuia miale. Tunapanga madumu ukutani kote. Jua likichafuka, mnajibanza katikati."

"Na mawe yenye kuruka?"

"Kuta mbili. Wa kwanza unalipasua jiwe, wa pili unapokea vumbi."

"Na choo?" aliuliza Norbert.

"Mkojo unasafishwa, unanywewa tena."

Norbert alimeza mate. Thérèse hakutikisika. "Kapiteni, hewa, maji, chakula na joto, utatupatia mupaka tufike?"

"Mpaka mfike!"

"Andika."

Ambrose hakuwahi kukataa kutia sahihi, maana sahihi ni bure. Akatia, wakalipa, wakaingia.

Siku ya tatu hakutoka mtu. Ya tano, saa moja asubuhi, mlango ulifunguka, Norbert akatoka na sare ya kazini. Ambrose nusura acheze.

"Umeshuka! Safari imekwisha!"

"Sijashuka," alisema Norbert, akifunga zipu ya koti. "Natembea nje ya chombo. Wanaanga wote wanafanya hivyo. Narudi saa kumi na mbili."

Akaenda kuwahi basi.

Ambrose alichungulia ndani. Kulikuwa na kitanda cha watu wawili, televisheni, na mapazia yaliyotundikwa pasipo na dirisha. Wale watu walikuwa wamerudisha chumba chao kwa mwenye nyumba na kuhamia na sufuria zote!

"Kapiteni," alisema Thérèse, akikoroga chai, "Mirihi ni miezi saba. Nimesoma. Na leo haujaleta mikate."

Alileta mikate. Alileta na hita, na mchele, na sabuni. Alipotangaza dhoruba ya jua, walijibanza katikati ya madumu wakacheza karata. Alipotangaza kwamba wamefika mapema, Thérèse aliomba kuona udongo mwekundu. Mwisho akawapa hela yao yote mkononi.

"Tulilipa nauli ya Mirihi," alisema Thérèse, akiisukuma nyuma. "Ya kushukia Woolwich hatukuomba."

Vijay aliporudi, Ambrose alimpokea mlangoni. "Wavamizi, mzee! Wameteka duka!"

Vijay aliingia kwa hasira, akakaa humo saa nzima. Alitoka ananukia chai, ameshika karatasi yenye sahihi ya Ambrose.

"Umepangisha duka langu."

"Ni majaribio ya kisayansi, mzee..."

"Mama amenieleza. Nimekubaliana naye, kuanzia leo kodi nalipwa mimi. Na binamu zake wanahamia chumba cha juu."

"Cha juu ni changu!"

"Kilikuwa."

Jioni, Ambrose alisimama kwenye manyunyu na mabegi mawili. Aliwapigia simu marafiki wanne, na kila mmoja alikata aliposikia jina. Akarudi ndani, akagonga mlango mnene.

"Nani?"

"Mimi, mama. Kapiteni."

"Kapiteni ni Norbert."

Ambrose aliweka mabegi chini. "Basi abiria."

Mlango ulifunguka kidogo, kiganja kikatokeza.

"Mia ine," alisema Thérèse.

Ambrose alihesabu noti taratibu, akitumaini zitakwama kidoleni. Hazikukwama. Norbert akamsaidia mabegi na kumwonyesha mahali pake: rafu ya chini kabisa, pale Vijay alipokuwa akipanga pweza. Ambrose aliipima kwa macho, akavua viatu, akakunja magoti, akaingia.